Ukuta wenye macho: Kabla hujajaza keja vifaa janja, sikia yaliyowapata Wakorea

Ukipanga fleti mpya jijini Seoul, Korea Kusini, hakuna atakayekuuliza kama unataka nyumba janja. Utaikuta tu. Sebuleni pana kioo kimekazwa ukutani, kikubwa kama tableti. Wakorea hukiita wolpadi.

Kioo hicho ndicho rimoti ya nyumba nzima. Unakigusa, taa zinazimika. Unakigusa tena, sakafu inaanza kupata joto, maana huko baridi si mchezo na nyumba hupashwa joto kutoka chini. Unaweza kuita lifti kabla hujavaa viatu. Mgeni akibonyeza kengele unamwona uso, kisha unamfungulia lango bila kushuka ngazi. Mlango wako wenyewe mara nyingi hauna hata tundu la ufunguo. Ni nambari tu unabofya, unaingia.

Raha, sivyo? Sasa ongeza jambo moja. Wolpadi nyingi zina kamera, na zimeunganishwa na mtandao mchana na usiku.

Mwaka wa 2021 mtu mmoja aliketi na kompyuta yake akaanza kuchungulia ndani ya nyumba za watu kupitia kamera hizo. Hakuvunja kufuli ya mtu. Polisi walipotangaza walichogundua Desemba 2022, idadi iliwaacha Wakorea vinywa wazi: esteti 638 za fleti, nyumba zaidi ya 400,000. Picha na video za watu wakiwa kwao, wamevaa wanavyovaa wakiwa kwao, zilikuwa zikitafutiwa wanunuzi mtandaoni.

Nakuletea kisa hiki wewe ambaye umeiona ile kamera ndogo ya Wi-Fi Luthuli Avenue ukasema mwisho wa mwezi lazima uinunue. Na wewe ambaye umeahidiwa "fleti ya kisasa" pale Ruaka au Kilimani, kengele ya video na intaneti ya bure juu. Sikuambii usinunue. Nakuambia kwanza tuzuru Asia kidogo, kwa sababu vifaa hivyo vinatoka huko, na watu wa huko wameishi navyo kwa muda mrefu kutuliko. Wanajua vinapofaa, na wanajua vinapouma.

Korea: Intaneti ilikuja na saruji

Wakorea hawakuanza na balbu za kuzimwa kwa simu. Walianza na nyaya.

Mgogoro wa fedha wa 1997 uliiangusha Korea vibaya. Kampuni zilifungwa, watu wakapoteza kazi. Serikali ikaamua kwamba njia mojawapo ya kuinuka ni intaneti ya kasi. Mnamo 1998 kampuni ya Thrunet ikaanza kuuza intaneti kupitia nyaya za televisheni, na mwaka uliofuata Hanaro ikaja na yake ya kupitia laini za simu. Ushindani ukashusha bei. Mwaka huo huo wa 1998 ndipo mchezo wa kompyuta wa StarCraft ulipotoka, na vijana wakajaa kwenye saiba walizoziita PC bang. Waliporudi nyumbani walitaka kasi ile ile, na wazazi wakasumbuliwa mpaka wakalipia.

Lakini kilichosukuma mambo zaidi ni ujenzi. Kuanzia 1999 serikali ilianza kuyapa majengo vyeti kulingana na ubora wa nyaya zake za intaneti. Mjenzi mwenye cheti cha juu aliuza fleti zake haraka. Na kwa kuwa zaidi ya nusu ya familia za Korea huishi kwenye fleti, kebo moja ikifika chini ya jengo inahudumia mamia ya nyumba. Hesabu ya kibiashara hiyo ni tamu.

Kutoka hapo wolpadi ilikuwa hatua ndogo tu. Mjenzi aliagiza kwa jumla, akakaza ukutani kabla ya rangi kukauka, na gharama ikaingia kwenye bei ya nyumba. Shika hilo vizuri maana tutalirudia: mwenye kuishi hakukichagua kifaa. Alikikuta.

China: Bei ndiyo chambo

Ukivuka maji hadi China, mambo ni tofauti. Huko nyumba janja iliingia kupitia simu na kupitia mfuko.

Xiaomi unaijua, pengine uko na Redmi mkononi sasa hivi. Ilianzishwa 2010 na Lei Jun na wenzake. Baada ya simu, ikaanza kuwekeza kwenye kampuni changa zinazotengeneza kila kitu cha nyumbani, na Machi 2016 ikazindua jina la Mijia kwa jiko la umeme la kupikia wali. Usicheke. Wakati huo Wachina waliokuwa wakienda Japan kutalii walikuwa wanarudi na majiko ya wali kwenye mabegi, na hilo liliwauma watengenezaji wa nyumbani. Jiko la Mijia lilisoma aina ya mchele kwa simu, likajipangia joto.

Kisha ukaja ule mwaka wa spika. Julai 2017 Alibaba ilitoa spika ya kuongea nayo inayoitwa Tmall Genie kwa yuani 499. Miezi minne baadaye, tarehe 11 Novemba, siku ambayo China nzima hununua vitu mtandaoni, bei ilishushwa hadi yuani 99. Spika zaidi ya milioni moja ziliuzwa.

Kwa nini kampuni ikubali kuuza kitu kwa sehemu ya tano ya bei? Jiulize Alibaba ni nani. Ni duka. Spika ile inakuwezesha kuagiza bidhaa kwa sauti ukiwa umelala kitandani, na kila unachoagiza, kila unachouliza, kinamwambia mwenye duka wewe ni mtu wa aina gani. Kwa hivyo ukiona kifaa cha mtandao kinauzwa bei ya kutupwa, usiseme tu umepata dili. Uliza muuzaji atarudishaje hela yake.

Kuna jina lingine la China ambalo hulijui lakini huenda unalitumia. Tuya ilianzishwa 2014 mjini Hangzhou. Yenyewe huuza akili ya kuwekwa ndani ya vifaa vya wengine. Ndiyo maana unaweza kununua balbu ya jina hili na soketi ya jina lile, maduka mawili tofauti ya mjini, na zote mbili zikakuambia upakue apu moja, Smart Life. Jina kwenye boksi ni la mfanyabiashara. Apu, na seva inayobeba amri zako, ni za watu wengine kabisa.

Japan: Birika linalotuma salamu

Sio kila kitu ni biashara ya kukuchungulia. Japan inafaa kusikilizwa hapa.

Karibu watu watatu kati ya kumi nchini Japan wamefikisha miaka 65 au kupita. Wengi wanaishi peke yao, na watoto wako miji ya mbali wakitafuta riziki. Mwaka wa 2001, kabla wengi wetu hatujajua Wi-Fi ni nini, kampuni ya Zojirushi ilitoa birika la umeme lenye kifaa cha mawasiliano ndani. Mzee akichemsha maji ya chai, birika linahesabu. Mtoto wake aliye Tokyo anapokea ujumbe kwa barua pepe: leo birika limetumika saa hizi na saa hizi. Siku ambayo halijaguswa, mtoto anajua apige simu.

Hebu tazama jinsi lilivyo la heshima wazo hilo. Halina kamera. Halimrekodi mzee akiongea. Halimlazimishi ajifunze apu. Anakunywa chai yake kama kawaida, na chai hiyo inasema "niko mzima". Kama una nyanya kule ushago na wewe uko mjini, unaelewa thamani ya habari hiyo moja.

Wajapani pia ni wagumu kutupa kitu kinachofanya kazi. Viyoyozi vyao vya zamani vyote vina rimoti, na rimoti hutuma mwanga usioonekana kwa macho. Kwa hivyo vikatokea vifaa vidogo, kama Nature Remo iliyoanza kuuzwa 2017, ambavyo huiga rimoti zote za nyumba na kupokea amri kutoka kwa simu. Kiyoyozi cha miaka kumi kikageuka janja bila kununuliwa kipya. Simu nyingi za Xiaomi na Redmi zinazouzwa hapa Kenya zina jicho hilo hilo la rimoti pale juu. Huenda umekaa na yako miaka miwili hujalijaribu kwenye TV.

India: Kifaa kilichofunzwa kuchanganya ndimi

India nayo ilikuwa na shida mbili ambazo sisi tunazijua: bei ya bando na lugha.

Septemba 2016 kampuni ya Jio iliingia sokoni ikigawa data bure kwa miezi. Washindani wakalazimika kushusha bei, na mamilioni ya watu wakaingia mtandaoni kwa mara ya kwanza kwa simu. Mwaka uliofuata Amazon ikaanza kuuza spika za Echo huko. Shida ikawa moja: spika ilielewa Kiingereza, na mama wa nyumba anaongea Kihindi. Mwanawe naye anaongea Kihindi na Kiingereza ndani ya sentensi moja, kama wewe na mabeshte wako mnavyochanganya Kiswahili na Sheng.

Septemba 2019 Alexa ikaanza kuelewa Kihindi, na pia huo mchanganyiko wao. Ona kilichofanyika hapo. Wahindi hawakubadilisha mdomo ili kifaa kiwaelewe. Walikuwa wengi, wana pesa ya kutumia, na kampuni ikalazimika kuwafuata. Hilo ni somo kwa yeyote kati yetu anayesomea kompyuta na kudhani Kiswahili hakina soko.

Turudi Seoul: Nini hasa kiliharibika?

Sasa turudi kwenye zile nyumba 400,000. Inafaa uelewe jinsi ilivyotokea, maana ukielewa utajilinda bila kuambiwa na mtu.

Katika esteti nyingi za Korea, wolpadi zote ziliunganishwa kwenye mtandao mmoja wa ndani na seva moja ya usimamizi. Fikiria ploti yenye nyumba mia moja ambayo kila mlango una kufuli yake, lakini ndani kuna dari moja isiyo na kizuizi. Mwizi akiingia kwa nyumba moja, anatambaa juu ya dari hadi nyumba ya mwisho. Mdukuzi akiingia ndani ya mtandao wa esteti, milango yote iko mbele yake.

Ili asifuatiliwe, mtu yule alipitia kwanza ruta za mikahawa na nyumba za wageni. Mwenye mkahawa hakujua kitu. Aliweka Wi-Fi ya wateja, na ikageuzwa daraja la uhalifu.

Na unajua mshukiwa alikuwa nani? Mtu wa miaka ya thelathini aliyewahi kuonekana kwenye vyombo vya habari kama mtaalamu wa usalama wa mitandao, akieleza jinsi wolpadi zinavyoweza kudukuliwa. Fisi alikuwa amewahi kuwapa wenye mbuzi mawaidha kuhusu ua.

Habari zilipofumuka Novemba 2021, serikali iliwashauri wananchi wafunike kamera wasipozitumia. Watu wakabandika stika na karatasi. Teknolojia ya mamilioni ya pesa ikazibwa na kipande cha gundi. Kuanzia Julai 2022 kanuni mpya zikataka fleti mpya zijengwe mtandao wa kila nyumba ukiwa umetenganishwa na wa jirani. Lakini zilizojengwa kabla ya hapo, wenyewe wakabaki na ukuta wao.

Tena hayo hayakumaliza shida. Novemba 2025 polisi wa Korea walitangaza kukamatwa kwa watu wanne kuhusu udukuzi wa kamera za intaneti zaidi ya 120,000, zikiwemo za majumbani na za biashara. Hizi hazikuwa wolpadi. Zilikuwa kamera za kawaida, kama hizo zinazouzwa kwetu, na njia ilikuwa nywila rahisi, zile paswedi za herufi moja kurudiwarudiwa au nambari zinazofuatana.

Singapore: Alama kwenye boksi

Je, nani amejaribu kulitatua jambo hili kabla liharibike? Singapore.

Huko karibu watu wanane kati ya kumi wanaishi kwenye fleti zilizojengwa na serikali. Serikali ilianza kampeni yake ya taifa janja mwaka wa 2014, na ikajenga mtaa wa Punggol Northshore ambako nyumba zimetayarishwa mapema kupokea vifaa hivi. Lakini kinachonifurahisha zaidi ni kitu kidogo kilichoanza Oktoba 2020: alama ya usalama wa mtandao inayobandikwa kwenye boksi la bidhaa, yenye ngazi nne. Unaingia dukani, unatazama boksi, unajua kamera hii imepimwa kwa kiwango gani. Ni kama zile nyota za kuonyesha friji inakula stima kiasi gani.

Ngazi ya kwanza ni ya chini kabisa, na inataka mambo ya kawaida tu: kila kifaa kiwe na nywila yake ya kipekee kikitoka kiwandani, na mtengenezaji aendelee kutoa masasisho ya programu. Tangu Aprili 2021 ruta ya Wi-Fi isiyofikia ngazi hiyo hairuhusiwi kuuzwa Singapore.

Ukishangaa kwa nini jambo la nywila ya kiwandani lifikishwe hadi kwenye sheria, kumbuka 2016. Programu ovu iliyoitwa Mirai ilizunguka intaneti ikijaribu orodha fupi ya nywila za kiwandani, zile za admin na 12345, kwenye kamera na ruta za watu. Ilikusanya vifaa vingi mno, na tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi hilo la kamera likaishambulia kampuni ya Dyn ya Marekani. Twitter, Netflix na Spotify zikawa hazifunguki kwa wengi. Kamera ya mtu iliyokuwa ikilinda gari lake ilikuwa inapigana vita asivyovijua.

Japan ilipoona hayo ilifanya jambo ambalo hapa tungelipigia kelele. Februari 2019 serikali ilianza yenyewe kujaribu nywila dhaifu kwenye vifaa vya wananchi, ikilenga anwani za mtandao zipatazo milioni 200. Kifaa kikifunguka, kampuni ya intaneti ya mwenyewe inaarifiwa imtafute, imwambie abadilishe. Wengine walisema huo ni uvamizi. Wengine wakasema afadhali mlinzi ajaribu mlango wako kuliko mwizi. Wewe ungesemaje?

Na wewe uliye Roysambu?

Tuje nyumbani. Kenya tuna Kifungu cha 31 cha Katiba kinacholinda faragha yako, tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na kuna ofisi ya kamishna wa data unayoweza kuilalamikia. Lakini alama kwenye boksi kama ya Singapore huioni madukani. Kwa hivyo mkaguzi ni wewe.

Anza na intaneti yenyewe. Fleti nyingi zetu zina faiba ya landilodi: ruta moja au mbili, nywila moja imebandikwa kwa ukuta wa ngazi, wapangaji thelathini ndani. Hiyo ndiyo dari isiyo na kizuizi. Isipokuwa aliyeiweka aliwatenganisha wapangaji, simu yako, TV yako na kamera yako zinaonekana na kila aliye kwenye mtandao huo. Kabla ya kulipa depositi, muulize keateka au mwenye nyumba: je, kila nyumba imetenganishwa? Akikosa jibu, tumia intaneti hiyo kutazama video, lakini kamera usiiunganishe humo.

Kama ruta ni yako, igeuze uangalie stika iliyo chini. Kuna nywila mbili hapo ambazo watu huzichanganya. Moja ni ya kuingia Wi-Fi, hiyo unampa mgeni. Nyingine ni ya kuingia kwenye mipangilio ya ruta yenyewe, na hiyo ndiyo ufunguo wa nyumba. Ukibadilisha ya kwanza na kuiacha ya pili ikiwa admin, umefunga dirisha ukaacha mlango wazi. Ukiwa humo ndani, tafuta mtandao wa wageni, uuwashe, kisha uweke balbu, soketi na kamera zako huko. Simu na laptopu unayofanyia M-Pesa na benki zibaki kwenye mtandao mkuu. Umejijengea kile Wakorea walichodai baada ya kuumwa, na hujatoa hata shilingi.

Balbu ikikataa kuunganishwa, usirudi kwa muuzaji ukipiga kelele. Ruta nyingi hutoa mawimbi ya aina mbili, gigahezi 2.4 na 5. Vifaa vingi vya bei nafuu hutumia ile ya 2.4 pekee, ambayo pia hupenya kuta vizuri zaidi. Unganisha simu kwa 2.4 ujaribu tena.

Tazama plagi kabla ya kuagiza mtandaoni. Singapore, Malaysia na Hong Kong wanatumia plagi ya pini tatu za mraba kama yetu, kwa hivyo kilichotengenezewa huko kinaingia ukutani kwako. Cha China kina pini tofauti. Cha Japan ndicho cha kuogopa zaidi: umeme wao ni volti 100 na wetu ni 240. Kama kifaa hakijaandikwa kwamba kinastahimili zote mbili, ukikichomeka utanunua moshi.

Soketi janja inayopima matumizi ya stima, kwa maoni yangu, ndiyo ya kwanza kununua kwa mtu anayeishi kwa tokeni. Itakuonyesha pasi inakula ngapi na friji ya zamani inakula ngapi, na utaacha kumshuku jirani. Lakini soma nambari. Iliyoandikwa ampea 10 inabeba wati 2,400 hivi kwa umeme wetu. Birika la umeme la wati 2,200 liko ukingoni hapo. Hita kubwa usiithubutu. Na ujue stima zikipotea usiku zikarudi, balbu janja nyingi huwaka zenyewe kwa mwanga wote. Kwenye apu kuna sehemu ya kuziambia zikae zimezima. Itafute kabla ya usiku huo.

Ukinunua ya mkono wa pili, ifute kabisa irudi kama ilivyotoka kiwandani kabla ya kuiunganisha. Ukiuza, fanya vivyo hivyo. Na nitaje lile ambalo hatupendi kulisema: mkiachana na mpenzi au aliyekuwa mkiishi naye akihama, fungua apu uone ni nani wengine wana ruhusa. Kuna watu wanaotazamwa na ma-ex wao kila siku, na hakuna aliyedukua kitu. Mlango uliachwa wazi na mapenzi ya zamani.

Uliza pia kama kifaa kinafanya kazi intaneti ikipotea. Tangu Oktoba 2022 kuna kiwango kinachoitwa Matter, ambacho kampuni kubwa za Marekani na Asia zilikubaliana, na vifaa vyake huongea vyenyewe kwa vyenyewe ndani ya nyumba bila kupitia seva ya mbali. Vyenye alama hiyo huwa ghali kidogo. Faida yake ni kwamba kampuni ikifunga seva zake kesho, taa yako bado itawaka.

Kuhusu kamera

Kamera nimeiacha ya mwisho kwa makusudi. Ielekeze mlangoni. Ikibidi iwe ndani, itazame mlango kutoka ndani, isitazame kitanda wala kochi. Kama una mfanyakazi wa nyumbani au mtu mnayeishi naye, mwambie ipo na inaona wapi. Faragha ni yake pia, hata kama kodi unalipa wewe. Na ukiwa nyumbani, ichomoe. Kamera iliyochomolewa hakuna mdukuzi wa Seoul wala wa Kasarani anayeweza kuiwasha.

Yule mzee wa Japan mwenye birika alilindwa na kifaa kinachojua jambo moja tu juu yake: leo amekunywa chai. Zile familia za Korea ziliwekewa kifaa kinachoona kila kitu, na hazikuwahi kuulizwa. Ukisimama mbele ya kaunta pale Luthuli na muuzaji anakuambia "hii inaona mpaka gizani", muulize inaona kwa niaba ya nani. Halafu usubiri jibu kabla ya kutoa simu ulipe.